Kiwanda Nakuru, wateja hadi Bungoma: tununue mfumo mmoja mkubwa sasa, au tuanze na stoo?

Msagaji wa Nakuru aliuliza:

Wadau, hamjambo. Ninaleta swali ambalo limetugawanya nyumbani kwa miezi kadhaa sasa, nami ningeomba wenye uzoefu wa viwanda na biashara ya jumla wanisaidie kulipima kabla hatujatia sahihi mkataba.

Familia yetu ina kiwanda cha wastani jijini Nakuru. Tunasaga mahindi na kuuza unga wa paketi za kilo 2, paketi 12 kwa beli, na pumba na viini vinavyobaki tunavichanganya kuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa na cha kuku wa mayai, ambacho hutoka kwa magunia ya kilo 70. Tuna duka la jumla hapa Nakuru na jingine Kisumu, na malori yetu mawili hupeleka bidhaa hadi Kakamega, Mumias na Bungoma.

Kumbukumbu zetu ziko sehemu nne. Mzee, ambaye ndiye aliyeanzisha kiwanda, bado huandika mahindi yanayoingia katika kaunta buku yake. Mhasibu ana programu ya hesabu kwenye kompyuta moja ofisini. Duka la Kisumu hutuma jedwali la Excel kwa WhatsApp kila jioni. Kisha kuna ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, ambazo karani huziingiza upya kwa mkono. Kwa hiyo mzigo ule ule, tangu mahindi hadi unga, huandikwa mara nne, na mwisho wa mwezi vitabu vinne hutoa majibu manne.

Oktoba iliyopita tuliambiwa kwamba Kisumu kumeishiwa na unga. Tulipakia lori usiku, tukaahirisha oda ya mteja wa Bungoma, na lori lilipofika Kisumu asubuhi wakapata beli zaidi ya 300 nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Mteja wa Bungoma alinunua kwingine, na sehemu ya zile beli zilizosahaulika ilibidi tuiuze kwa hasara kwa sababu tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imekaribia.

Sasa kuna kampuni inayotuuzia mfumo mmoja wa kuendesha shirika zima, ule ambao wataalamu huuita ERP, utakaobeba ununuzi, usagaji, stoo, mauzo, mishahara na vitabu vya hesabu, pamoja na akili unde ya kubashiri mahitaji ya kila duka. Bei ni ya dola, kwa kila mtumiaji, kila mwaka, na wanasema kazi itakamilika kwa miezi minne kuanzia Septemba. Ndugu yangu anataka tuanze mara moja. Mzee anahofu kwamba tutalipia kitu ambacho watu wetu hawatakitumia. Mhasibu anaona turekebishe tulicho nacho. Je, kwa biashara ya ukubwa wetu, ni busara kununua mfumo mmoja kamili, au kuunganisha programu ndogo ndogo? Na kama ni kuanza, tuanzie wapi?

Karani wa Stoo, Kisumu, alijibu:

Dada Msagaji, pole sana kwa safari ile ya lori. Nimesimamia stoo za biashara ya jumla hapa Kisumu kwa miaka 14, na ninakusihi uitazame hasara ile kwa makini, kwa sababu jibu la swali lako limo ndani yake. Beli 300 zilipotea zikiwa ndani ya stoo yenu wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyejua zilipowekwa. Mfumo wowote mtakaoununua utaonyesha kile tu ambacho mtu ameuambia, na kama mtu wenu hajui beli ziko wapi, skrini nayo haitajua.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mfumo mzuri na wa gharama uliletwa, ukafungwa, watu wakafundishwa kwa siku tatu, kisha kazi ikaanza. Unga ule ule ulikuwa umesajiliwa kwa majina matatu: mmoja aliuandika kwa kilo, mwingine kwa paketi, na wa tatu kwa beli. Keshia alipouza paketi 12, mfumo uliondoa beli 12. Kabla ya miezi miwili kwisha, skrini ilionyesha kwamba tuna unga pungufu ya sifuri huku stoo imejaa hadi dari. Makarani walirudi kwenye daftari kimyakimya, na mwenye mali aliendelea kulipa ada ya mfumo ambao hakuna aliyeuamini. Ninayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa mfumo wenyewe haukuwa na kosa.

Yaliyotupata sisi wadogo yamewapata wakubwa pia. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, iliingia Kanada mwaka 2013 na mfumo mpya kabisa, na Januari 2015 ikatangaza kufunga maduka yote 133. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo iliyoandikwa sana ni kwamba taarifa za bidhaa ziliingizwa kwa haraka na kwa makosa, vipimo vya inchi vikaandikwa mahali pa sentimita, maghala yakafurika ilhali rafu za maduka ni tupu. Nikisoma habari ile ninaona stoo yetu, tofauti ni ukubwa tu.

Kwa hiyo kabla ya Septemba, fanyeni kazi ambayo haihitaji kununua programu yoyote. Andikeni orodha moja ya bidhaa, kila bidhaa jina moja na namba moja, na mkubaliane kipimo cha msingi ni kipi. Ningechagua paketi kwa unga na kilo kwa mahindi, kisha beli na gunia viwe vizidisho vya hivyo. Ipeni stoo anwani: safu A, safu B, nafasi ya kwanza, ya pili, kwa rangi ukutani, ili karani aandike beli zimewekwa safu gani na wala si kwamba "zimeingia" tu. Msisubiri kuhesabu stoo nzima mwisho wa mwaka. Kila siku hesabuni bidhaa chache kwa zamu, zile zinazotoka kwa wingi zikihesabiwa mara nyingi zaidi, na tofauti itafutwe siku hiyo hiyo wakati waliopakia bado wanakumbuka. Na kwa vitu vyenye tarehe, kinachokaribia kuharibika kitoke kwanza, hata kama kiliingia jana.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa programu huliruka ni unyevu. Mzee hununua mahindi kwa uzito, na mahindi ya Trans Nzoia yanayokuja mara tu baada ya mavuno huwa na maji mengi. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki karibu kilo 948. Hakuna aliyeiba zile kilo 52, zimekwenda hewani. Mfumo usiofundishwa hesabu hiyo utaonyesha upungufu kila juma, na karani asiye na hatia ataitwa mwizi. Kaunta buku ya Mzee, kama ameandika unyevu na uzito kwa miaka, ni hazina. Ilindeni na muiingize kwenye kompyuta.

Fundi wa Mifumo, Nakuru, alijibu:

Ninatangulia kusema kwamba kufunga mifumo ya aina hii ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo yapimeni maneno yangu mkilijua hilo. Ninakubaliana na Ndugu Karani karibu katika kila jambo, nami nitajikita kwenye yale aliyoyaacha.

Kwanza, wakati. Septemba hadi Desemba kwenu ndiyo miezi mibaya kuliko yote. Mavuno makuu ya Bonde la Ufa kaskazini huanza kuingia sokoni kuanzia Oktoba, Mzee atakuwa ananunua mahindi usiku na mchana, na Krismasi inakuja. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walipunguza mradi wa miezi 48 ukawa wa 30, wakawasha mifumo mipya Julai 1999, wakati oda za sikukuu ya Halloween zinaanza kumiminika, na wakashindwa kupeleka bidhaa za takriban dola milioni 100 ingawa chokoleti yenyewe ilikuwepo ghalani. Kama mtawasha kitu chochote, chagueni miezi ambayo kiwanda kimetulia, na muwashe duka la Nakuru peke yake kwanza, mahali ambapo mnaweza kutembea kwa miguu kwenda kuona kilichoharibika.

Pili, ulichouliza hasa, mmoja mkubwa au midogo mingi. Mifumo mikubwa kama SAP ya Ujerumani imejengwa kwa mashirika yenye matawi mengi na idara nzima ya kompyuta, na hivi sasa wateja wengi wa toleo lake la zamani, ECC, wanasukumwa kuhamia toleo jipya kwa sababu huduma ya kawaida ya toleo hilo inakoma mwisho wa 2027. Kelele nyingi mnazosikia sokoni kuhusu "kuhama" zinatokana na jambo hilo, na haziwahusu ninyi. Kwa ukubwa wenu kuna mifumo ya wazi, yaani ambayo msimbo wake fundi yeyote anaweza kuuona na kuurekebisha, kama ERPNext ya India, na Odoo ya Ubelgiji, ambayo sehemu yake ni ya wazi na nyingine ya kulipia. Mifumo hiyo ina stoo, uzalishaji, mauzo na hesabu chini ya paa moja, na mnaweza kuwasha chumba kimoja huku vingine vimefungwa. Programu ya wazi haina maana ya bure, kwa kuwa mtamlipa fundi, seva na mafunzo. Hata hivyo hamtafungwa kwa muuzaji mmoja. Jibu langu basi ni mfumo mmoja, uwashwe kidogo kidogo, stoo na mauzo kwanza, mishahara mwisho kabisa.

Tatu, mkataba wa dola. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Ada ya dola 10,000 ilikuwa shilingi milioni 1.6 wakati mmoja na milioni 1.3 baada ya miezi michache, bila mtu yeyote kubadilisha bei. Safari hiyo waliolipa kwa dola walinufaika na kushuka, lakini ikirudi juu mtaumia, na unga wenu mnauuza kwa shilingi. Ombeni bei ya shilingi, au angalau kikomo kilichoandikwa. Ombeni pia ithibitishwe kwa maandishi kwamba data ni yenu na kwamba mkiondoka mtapewa yote katika umbo linalofunguka kwenye programu nyingine.

Nne, akili unde. Ninaipenda na ninaamini itatusaidia, lakini inajifunza kutokana na mlichokiandika. Kumbukumbu zenu zinaonyesha mlichopeleka Kisumu, hazionyeshi alichokitaka mteja. Siku ambayo rafu ilikuwa tupu mauzo yaliandikwa sifuri, ilhali watu waliuliza unga na kuondoka. Kompyuta itasoma sifuri ile kuwa watu hawakutaka unga. Andikeni siku za kuishiwa kwa alama ya pekee, mkusanye mauzo ya kila siku kwa mwaka mzima angalau, ili pawe na msimu wa njaa, mavuno, kufunguliwa kwa shule na sikukuu, ndipo ubashiri uwe na cha kushika. Hadi hapo tumieni hesabu ya kawaida. Kama Kisumu huuza beli 40 kwa siku na lori huchukua siku 3 tangu oda hadi kufika, mnahitaji beli 120 za kusubiria na akiba, tuseme 60, kwa siku ambayo lori litakwama. Beli zikishuka hadi 180, agizeni. Hesabu hiyo moja ingezuia safari ya Oktoba, mradi 180 hizo zihesabiwe kweli.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kiwanda na duka hukutana. Tuseme duka la Bungoma huuza beli 20 kwa siku, na juma moja likauza 25 kwa sababu ya sherehe. Mwenye duka anaogopa kuishiwa, anaagiza 35. Duka lenu la Kisumu linaona 35, linaagiza kiwandani 50. Kiwanda kinaona 50, kinanunua mahindi zaidi kwa bei ya juu na kuongeza zamu ya usiku. Juma linalofuata Bungoma inarudi kwenye 20, kila mmoja ana mzigo wa ziada, na oda zinakoma kabisa. Mlaji hakubadilika sana, lakini kiwanda kimeyumba. Ni kama mjeledi: mkono hutikisika kidogo, ncha huruka mbali. Jay Forrester wa chuo cha MIT aliieleza tabia hii mwaka 1961, na Procter & Gamble waliiona kwenye nepi zao za Pampers, ambapo watoto walizitumia kwa kiasi kile kile huku oda zikipanda na kushuka ovyo. Dawa yake inajulikana: kiwanda kione mauzo ya duka la mwisho, kisisubiri oda pekee. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, ilianza kuwaonyesha wazalishaji wanaoiuzia bidhaa mauzo ya maduka yake kupitia mfumo wake wa Retail Link miaka ya 1990. Ninyi mnamiliki kiwanda na duka la jumla, kwa hiyo mna nafasi ambayo wasagaji wengi hawana. Ni heri ndugu yako aitazame nafasi hiyo kuliko akili unde.

Mwisho, ulizeni mfumo unafanya nini stima ikipotea. Kwa eTIMS kuna njia mbili za kuunganisha mfumo wa mauzo na KRA: OSCU, inayohitaji mtandao wakati wote, na VSCU, inayowafaa wenye ankara nyingi na inayoweza kuendelea mtandao ukikatika kisha ikatuma baadaye. Kwa maduka yenu ningechagua ya pili, na kampuni inayounganisha iwe imeidhinishwa na KRA.

Msagaji wa Nakuru alijibu:

Ninawashukuru sana, Ndugu Karani na Ndugu Fundi. Nimemsomea Mzee ile hesabu ya unyevu na amekaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba vitabu vyake vinafika nyuma hadi 1996 na uzito na unyevu vimeandikwa. Nina maswali mawili zaidi. Wateja wetu wa Bungoma na Mumias huagiza kwa simu na hulipa kwa M-Pesa au kwa mkopo, hawana kompyuta. Nitayaonaje mauzo yao? Na msimbopau kwenye paketi una faida gani zaidi ya keshia wa supamaketi kuusoma?

Mhasibu, Kakamega, alijibu:

Dada, nitajibu la kwanza kwa upande wa fedha. Kwa mteja mdogo hamhitaji kumpa kompyuta. Dereva wenu anapofika ahesabu beli zilizobaki dukani, aandike kwenye simu, kisha ashushe mpya. Zilizokuwepo, jumlisha zilizoletwa mara ya mwisho, toa zilizobaki, hayo ndiyo mauzo. Kila mteja apewe namba yake ya akaunti ya kuandika anapolipa kwa M-Pesa, ili malipo yajipange yenyewe kwenye deni lake, badala ya mhasibu wenu kukaa jioni nzima akifananisha majina.

Mikopo ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi ya stoo. Mfumo wowote mtakaochagua uwaonyeshe kila asubuhi nani anadaiwa kiasi gani na kwa siku ngapi, siku 30, 60, 90, na uzuie oda mpya kwa aliyepita kikomo hadi mtu mwenye mamlaka aidhinishe. Nakumatt, iliyochukua jina lake kutoka kwa biashara ya magodoro ya Nakuru na kuwa mtandao mkubwa wa supamaketi nchini, ilipoamuliwa na wadai wake ivunjwe Januari 2020, wauzaji wengi walikuwa na madai makubwa ambayo hayakulipika. Mzalishaji anayeona mauzo bila kuona madeni hushangilia mzigo unaotoka ilhali fedha hazirudi.

Kuhusu kodi, tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Mnanunua mahindi kwa wakulima wadogo, hivyo hakikisheni mfumo unaweza kutumia utaratibu wa mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mkulima mdogo, la sivyo gharama yenu kubwa kuliko zote itabaki nje ya vitabu.

Karani wa Stoo, Kisumu, alijibu:

Nitachukua la msimbopau. Ule wa michirizi ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza 26 Juni 1974 huko Troy, Ohio, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna, na hadi leo unasema jambo moja tu: bidhaa hii ni ipi. Namba zinazotolewa hapa Kenya huanza na 616. Kinachokuja sasa ni msimbo wa mraba, unaofanana na ule mnaousoma kwa simu, unaoweza kubeba namba ya bechi, yaani ya mkupuo mmoja wa uzalishaji, na tarehe ya mwisho ndani yake, na shirika la GS1 linalosimamia misimbo hii limeweka lengo kwamba ifikapo mwisho wa 2027 mashine za maduka duniani ziweze kuusoma. Keshia akisoma paketi iliyopitwa na wakati, mashine iliyopangwa hivyo itakataa kuiuza.

Kwa msagaji wa mahindi bechi ina uzito zaidi. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kama aflatoksini, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, pamoja na cheti kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Siku ambayo paketi yenu moja itapatikana na sumukuvu Kakamega, mkaguzi atauliza mahindi yake yalitoka wapi na paketi nyingine za siku hiyo ziko wapi. Mwenye bechi atarudisha beli 80. Asiye nayo atarudisha unga wa mwezi mzima, na wenye watoto wataendelea kula usiku ule wakati yeye anatafuta.

Mwenye Kiwanda cha Maziwa, Kitale, alijibu:

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini sikubaliani na wazo la kuanza kidogo kidogo kana kwamba halina gharama. Sisi tulianza hivyo. Tuliwasha stoo, mwaka uliofuata mauzo, na uzalishaji ukabaki kwenye karatasi kwa miaka mitatu kwa sababu kila mara kulikuwa na jambo la dharura zaidi. Kwa muda wote huo hatukujua lita moja ya maziwa inatugharimu kiasi gani baada ya kupakiwa. Kama mnaanza na sehemu, andikeni kwenye mkataba tarehe ya kila sehemu inayofuata, na mtu mmoja wa familia awe na jukumu hilo pekee. Mkimwachia mhasibu pamoja na kazi zake za kila siku, halitafanyika.

Fundi wa Mifumo, Nakuru, alijibu:

Ndugu wa Kitale amesema kweli, nami ninarekebisha nilichoandika. Kwa msagaji, uzalishaji usisubiri zaidi ya miezi sita baada ya stoo, kwa kuwa faida yenu imo katika kilo ngapi za unga, pumba na viini zinatoka kwa kila kilo 100 za mahindi, na takwimu hiyo hubadilika kwa kila shehena.

Kuna onyo moja la kumalizia upande huo. Lidl ya Ujerumani ilisimamisha mradi wake wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na takriban euro milioni 500, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba wao walithamini mali yao kwa bei ya kununulia ilhali mfumo ulitegemea bei ya kuuzia, wakachagua kuubadilisha mfumo badala ya mazoea yao. Mtakapoambiwa kwamba jambo fulani litahitaji kuandikiwa programu ya pekee, jiulizeni kwanza kama desturi hiyo inastahili kulipiwa. Hesabu ya unyevu inastahili. Mpangilio wa ankara aliouzoea mhasibu haustahili.

Msagaji wa Nakuru alijibu:

Ninarudi baada ya siku tisa. Nilikwenda Kisumu mwenyewe, tukafunga stoo Jumapili na kuhesabu tangu asubuhi hadi saa kumi. Katika jedwali la Excel tulikuwa na majina 11 ya unga, na unga wenyewe ni wa aina tatu. Tulipata magunia 26 ya chakula cha kuku ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote, na upungufu wa beli 41 za unga, ambao nusu yake ulielezeka siku hiyo hiyo, kwa kuwa ziliandikwa zimeshushwa Kisumu ilhali zilishushwa njiani Kericho kwa mteja. Stoo sasa ina safu sita zilizopakwa rangi.

Tumekubaliana nyumbani kwamba hatutawasha chochote Septemba. Ndugu yangu ameacha kazi ya mauzo ili ashike jukumu hili peke yake, kama alivyoshauri Ndugu wa Kitale, na wiki hii ameanza kuingiza vitabu vya Mzee, Mzee akimsomea. Duka la Nakuru litaanza na stoo na mauzo mwezi Februari, Kisumu Mei, kiwanda Julai, na tarehe hizo zitaandikwa kwenye mkataba. Muuzaji amekubali kutoa bei ya shilingi kwa mwaka wa kwanza pekee, hivyo tumewaomba wengine wawili walete bei zao.

Alhamisi wote watatu watakuja ofisini, kila mmoja kwa saa yake. Nitawaomba wanionyeshe beli moja ikitoka kiwandani, ikishushwa Kisumu, ikiuzwa kwa mkopo paketi saba na kwa M-Pesa paketi tano, na ankara ikienda eTIMS, huku nimezima mtandao katikati ya kazi.

Karani wa Stoo, Kisumu, alijibu:

Hapo umefika, Dada. Waongezee jambo moja: mteja amerudisha paketi mbili kati ya zile saba kwa sababu zimepasuka, na dereva amezirudisha Nakuru. Waonyeshe paketi hizo ziko wapi sasa, deni la mteja ni kiasi gani, na ankara ya eTIMS imerekebishwaje. Wengi huonyesha vizuri mzigo ukienda, na hukwama mzigo ukirudi.

Msagaji wa Nakuru alijibu:

Nimeliandika, na paketi mbili zilizopasuka ziko hapa ofisini tayari kwa Alhamisi.